Watu wa Hema Moja



Sarakasi ya Ulaya ina kipimo kimoja kilichodumu tangu karne ya 18 hadi leo: mita 13. Huo ndio upana wa uwanja wa duara, ukingo hadi ukingo, iwe Paris, Munich au Budapest. Aliyekileta kipimo hicho ni farasi. Mtu akisimama wima juu ya mgongo wa farasi anayekimbia mstari ulionyooka, hadumu. Kila hatua inamrusha. Lakini farasi akikimbia kwa kuzunguka, akiinama kidogo kuelekea katikati, mwendo wa mzunguko unamkandamiza mpandaji mgongoni, naye akiinama sawasawa na mnyama wake anapata pa kukanyagia. Duara likiwa dogo mno, farasi anashindwa kukimbia. Likiwa kubwa mno, ile nguvu inapotea. Kwenye mita 13 mambo hayo mawili hupatana. Na kwa kuwa sarakasi ziliendelea kujenga kwa kipimo hicho, farasi aliyefundishwa katika mji mmoja aliweza kushushwa katika mji mwingine, nchi nyingine, akaanza kazi bila kupotewa na hatua.

Nimetangulia na kipimo hiki kwa sababu kimezaa kila kitu nitakachosema. Uwanja unaofanana kila mahali uliwaruhusu watu kusafiri maisha yao yote na kuishi kwa kazi moja. Mtu asiye na mji anahitaji ukoo.

Philip Astley, aliyeufanya mzunguko huo kuwa biashara, alikuwa mtoto wa seremala, mzaliwa wa Newcastle-under-Lyme, Uingereza, mwaka 1742. Alipigana vita vya Ulaya akiwa askari wa farasi, akarudi na cheo cha sajenti meja. Mwaka 1768 alifungua shule ya kupanda farasi kusini mwa mto Thames, karibu na daraja la Westminster: asubuhi alifundisha, alasiri akaonyesha ujuzi wake kwa malipo. Mkewe Patty alipanda naye. Mwanawe John aliingia uwanjani akiwa mtoto. Watazamaji walipoanza kuchoka na farasi peke yao, Astley aliwaajiri watembea kamba, wapiga samasoti na wachekeshaji wa kujaza nafasi kati ya mchezo mmoja na mwingine. Hapo sarakasi tunayoijua ilikuwa imeshazaliwa, na tangu siku ya kwanza ilikuwa kazi ya baba, mama na mtoto.

Mwaka 1782 Astley alijenga uwanja wake Paris. Vita kati ya Ufaransa na Uingereza vilipomtenga nao, uliangukia mikononi mwa Antonio Franconi, Mtaliano, ambaye naye aliwarithisha wanawe Laurent na Henri. Ujerumani aliinuka Ernst Renz, Uswisi ukoo wa Knie. Sina nia ya kuwapitisha kwenye orodha ya majina. Ninachotaka mkione ni jinsi mfumo ulivyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu tunaposikia "familia ya sarakasi" tunawaza picha tamu ya watoto waliovaa nguo za kumetameta, tunasahau kwamba ile familia ilikuwa shule, benki, bima na hospitali kwa wakati mmoja.

Chukueni hao Knie. Friedrich Knie, aliyezaliwa 1784, alikuwa mtoto wa daktari wa familia ya kifalme ya Austria, akapelekwa Innsbruck kusomea udaktari. Mwaka 1803 alikutana na kundi la wapanda farasi, akampenda msichana mmoja kati yao, akaacha masomo, akaondoka na kundi. Mapenzi na yule msichana hayakudumu; kazi ilidumu. Kwa zaidi ya miaka 100 wazao wake walitembea juu ya kamba katika viwanja vya wazi vya miji midogo, bila paa na bila ukuta, na kwa hiyo bila njia ya uhakika ya kumlipisha kila anayetazama. Mvua ikinyesha, watu hulala na njaa. Hema lao la kwanza lilisimama Bern mwaka 1919, na ndipo walipopata mlango wa kuuzia tiketi. Leo Uswisi nzima huwatambua kuwa sarakasi ya taifa, na kizazi cha nane kiko uwanjani.

Mtoto katika nyumba kama hiyo hakuandikishwa kazini na mtu. Aliamka akawakuta wakubwa wanafanya mazoezi, akaiga. Kwanza anafundishwa kuanguka, kisha kusimama kwa mikono, kisha anapandishwa mabegani mwa mjomba. Kuna jambo moja ambalo vijana mnaojenga piramidi mnalijua kwa miili yenu kuliko mimi ninavyoweza kulieleza: aliye chini hamwoni aliye juu. Anamsikia kwa uzito. Uzito ukihama kidogo tu, nyayo zake zinajua kabla ya akili, naye anarekebisha. Ujuzi wa aina hiyo hauandikiki, na hauwi tayari kwa mwezi mmoja wala miwili. Unahitaji watu wawili waliokaa pamoja miaka, wanaojuana pumzi. Ndiyo maana ndoa za watu wa sarakasi zilifungwa sana baina yao wenyewe: binti wa wapanda farasi kwa kijana wa watembea kamba, na mtoto wao akarithi fani mbili. Siri za kazi zilibaki ndani. Mishahara nayo, nisiifiche hii, ilibaki ndani, kwa maana mtoto na mke hawakulipwa kama wageni. Ugumu wa mazoezi ya watoto hao ulikuwa mkubwa, na wengi hawakupewa nafasi ya kusema wanataka maisha mengine.

Jules Léotard aliipata nafasi hiyo. Baba yake alikuwa na ukumbi wa mazoezi ya viungo Toulouse, na kijana alisomeshwa sheria. Badala ya mahakama alichagua kuruka kutoka bembea moja hadi nyingine angani, jambo ambalo halikuwahi kuonyeshwa kabla ya usiku wa 12 Novemba 1859, Paris, katika jengo ambalo leo linaitwa Cirque d'Hiver. Jengo lenyewe lilifunguliwa mwaka 1852 na bado linafanya kazi. Tangu 1934 ni mali ya ukoo wa Bouglione, watu wa jamii ya Waroma ambao mababu zao walizunguka na wanyama sokoni. Mama mkuu wa ukoo huo, Rosa Bouglione, alizaliwa ndani ya nyumba ya magurudumu huko Ubelgiji mwaka 1910, akacheza uwanjani, akafunga ndoa na Joseph Bouglione mwaka 1928 ndani ya kizimba cha simba. Alifariki 2018, ana miaka 107. Mama huyu ananigusa kwa sababu historia za sarakasi hupenda kuwataja waasisi wenye masharubu, hali kwa kweli nyumba nyingi zilishikiliwa na wanawake: waliouza tiketi, walioshona mavazi, waliohesabu fedha usiku na kuingia uwanjani kesho yake.

Gharama ya kuaminiana hivyo mnaijua. Karl Wallenda alizaliwa Magdeburg, Ujerumani, mwaka 1905, katika familia ya watembea kamba. Kundi lake lilihamia Marekani mwaka 1928, likajulikana kwa piramidi ya watu saba juu ya kamba bila wavu chini. Tarehe 30 Januari 1962, Detroit, piramidi ilivunjika. Wawili walikufa, mkwewe na mpwa wake, na mwanawe wa kulea, Mario, alipooza. Karl mwenyewe alianguka kutoka juu ya kamba akafa San Juan, Puerto Rico, mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 73. Wazao wake wangali wanatembea juu ya kamba hadi leo.

Sasa nifike pale nilipotaka kuwafikisha. Ikiwa familia ndiyo iliyokuwa shule na bima, basi swali zito kuliko yote katika historia hii ni hili: nani alihesabiwa kuwa mtu wa nyumbani? Damu peke yake haikutosha kujaza hema. Sarakasi ilichukua wanagenzi, yatima, waliotoroka, wageni wa kila rangi. Wengine waliingia wakawa ndugu. Wengine walifanya kazi usiku na mchana wakabaki nje. Nitawapa visa vitatu, na nitakaa navyo.

Cha kwanza ni cha William Darby, kijana Mweusi wa Norwich, Uingereza, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 19. Alipelekwa uanagenzi kwa mwenye sarakasi aitwaye William Batty akiwa bado mtoto, akajifunza farasi, kamba na kuruka, akajiita Pablo Fanque. Mwaka 1841 alianzisha sarakasi yake mwenyewe. Fikirini: Uingereza ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake miaka michache tu nyuma, na mtu Mweusi anamiliki farasi, anaajiri Wazungu, jina lake linachapwa kwa herufi kubwa juu ya mabango ya miji ya kaskazini. Aliendesha kazi hiyo miaka 30. Bango moja lake la mwaka 1843, la onyesho la Rochdale, lilinunuliwa na John Lennon katika duka la vitu vya kale mwaka 1967, akalitumia kutungia wimbo wa Beatles. Ndiyo maana jina la Fanque wanalitamka hata wasiojua alikuwa nani.

Bango hilo lilitangaza onyesho la kumnufaisha mwenzao mmoja, Bwana Kite. Huo ndio ulikuwa utaratibu: usiku mmoja mapato yote hupewa mfanyakazi fulani, aliyeumia, aliyezeeka au anayestahili. Ni mchango kama huu wetu tunaozungushiana daftari mtaani mtu akifiwa, isipokuwa wao walichanga kwa kuruka. Fanque alijulikana kwa kuzifanya nyusiku hizo mara nyingi. Kisha msiba ukamfika yeye. Mwezi Machi 1848, katika ukumbi wa mbao mjini Leeds, mwanawe akiwa juu ya kamba, jukwaa la watazamaji liliporomoka. Mkewe Susannah alikuwa chini kwenye chumba cha tiketi. Mbao zilimwangukia, akafa. Fanque alimzika Leeds, na alipokufa mwenyewe mwaka 1871 akazikwa karibu naye. Baadaye Thomas Horne, kasisi wa watu wa maonyesho, aliandika kwamba katika undugu wa wapanda farasi hakuna mstari wa rangi.

Natamani ingekuwa kweli kila mahali. Kisa cha pili kinakataa.

Rafael alizaliwa mtumwa Havana, Kuba, yapata mwaka 1868. Angali mtoto aliuzwa kwa mfanyabiashara akapelekwa kaskazini mwa Hispania kutumikishwa nyumbani. Alitoroka, akabeba mizigo, akafanya kazi za migodini, hadi mchekeshaji wa Kiingereza Tony Grice alipomwona Bilbao akamchukua awe msaidizi uwanjani na mtumishi nyumbani. Mwaka 1886 walifika Paris, kwenye ukumbi wa Nouveau Cirque. Huko akapewa jina la jukwaani: Chocolat. Alikuwa hodari wa mwili kupita kawaida, anacheza, anaruka, anaigiza bila kusema neno, na mwaka 1888 alipewa nafasi ya mhusika mkuu katika mchezo uliojaza ukumbi. Kuanzia miaka ya 1890 aliunganishwa na George Foottit, Mwingereza wa uso mweupe, mtoto wa watu wa sarakasi. Mfumo wao ulikuwa mmoja: Foottit mwenye amri na akili, Chocolat mpigwa makofi. Paris nzima iliwapenda. Ndugu Lumière waliwapiga filamu, wachoraji wakawachora, viwanda vikatia sura zao kwenye matangazo.

Tazameni filamu hizo fupi mkizipata, na mtazame miguu ya Rafael. Kila kofi analopokea limepimwa. Yeye ndiye anayeamua kasi ya anguko, yeye ndiye anayempa Foottit muda wa kugeuka kwa watazamaji. Kwa macho ya fundi, anayeongoza mchezo ni aliye chini. Lakini watu walilipa kuona Mweusi akipigwa, na mara kundi lilipovunjika mwanzoni mwa karne ya 20, mlango wa kazi nyingine ulifungwa mbele yake. Alijaribu tamthilia ya maneno, akashindwa kukubaliwa. Alikwenda hospitali za Paris kuchekesha watoto wagonjwa, kazi ambayo leo ina vyama vyake na heshima yake duniani. Alikufa Bordeaux tarehe 4 Novemba 1917, akazikwa sehemu ya maskini. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakuwa hata na jina la ukoo lililoandikwa serikalini. La Padilla tunalompa leo limefuata nyuma. Katika biashara ambayo jina la ukoo ndilo mtaji, mtu huyu alijaza viti miaka 20 bila kuwa na la kumwachia mtoto. Mimi nasema hilo lilikuwa dhuluma, na kwamba makofi yalikuwa sehemu ndogo yake.

Kisa cha tatu ni cha Ujerumani wakati wa Wanazi. Ukoo wa Lorch ulikuwa ukoo wa Kiyahudi wa wapanda farasi na wanasarakasi, makao yao kijiji cha Eschollbrücken, karibu na Darmstadt. Biashara yao ilifilisika mwaka 1930. Mjukuu wao, Irene Danner, alifundishwa sarakasi tangu utoto, lakini sheria za Wanazi zilimfungia kila jukwaa. Mwaka 1941 sarakasi ya Adolf Althoff ilipiga hema karibu. Irene, msichana wa miaka 18, alikwenda kuangalia. Alikutana na Peter Bento, mchekeshaji kutoka ukoo wa Ubelgiji, wakapendana. Na Adolf na mkewe Maria, wakijua wazi yeye ni nani, wakampa kazi kwa jina la uongo. Sheria ilikataza ndoa yao, lakini watoto walizaliwa. Bibi yake alipelekwa Auschwitz mwaka 1943. Mama yake na mdogo wake Gerda wakakimbilia kwenye sarakasi, wakapokewa. Baba yake, ambaye hakuwa Myahudi, alikuwa jeshini. Aliporudishwa nyumbani na kuamriwa amwache mkewe, akajificha nao.

Kundi lilikuwa la watu wapatao 90 pamoja na familia zao. Kila mmoja angeweza kusema. Polisi wa siri walipokuja kukagua, Althoff alipata habari mapema, akaagiza wale wanne waende kuvua samaki, ndiyo ilikuwa ishara yao ya kujificha, kisha akawakaribisha wakaguzi kinywaji na kuwachekesha mpaka wakaondoka. Walisalimika wote wanne hadi vita vilipokwisha. Mwaka 1995 Israeli iliwatambua Adolf na Maria kuwa miongoni mwa watu wa mataifa waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi. Angalieni waliookolewa hawakuwa ndugu wa damu wa Althoff. Walikuwa wa kazi moja, na mzee huyo aliona hiyo inatosha.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo, na sehemu ya mabadiliko yalipaswa kuja. Wanyama wa porini wameondolewa katika nchi nyingi: Austria tangu 2005, Uingereza tangu 2020, na Ufaransa imepitisha sheria inayowakataza kwenye sarakasi zinazosafiri kuanzia 2028. Knie waliwastaafisha tembo wao mwisho wa 2015. Serikali ya Denmark ilinunua tembo wanne wa mwisho nchini kwa kroni milioni 11, na kwa kuwa mmoja wao, Ramboline, alikuwa na rafiki ngamia aitwaye Ali, ngamia akanunuliwa pia. Nafurahi walifanya hivyo. Wengi wa tembo waliowahi kuzungushwa Ulaya walitekwa wakiwa ndama, mbali na kwao, na baadhi walitoka bara letu. Hakuna ufundi wa mtu unaohitaji hilo.

Ukoo nao umeacha kuwa mlango pekee. Moscow ilikuwa na shule ya serikali ya sarakasi tangu 1927. Ufaransa, Annie Fratellini, mjukuu wa mmoja wa ndugu watatu Fratellini waliokuwa wachekeshaji mashuhuri wa Paris, alifungua shule katikati ya miaka ya 1970 na kuwafundisha watoto wa watu wa kawaida yale ambayo familia yake ilikuwa ikiyaficha. Sarakasi ya Krone ya Munich, ambayo ina jengo lake tangu 1919, ilifika mahali mwenye mali, Christel Sembach-Krone, hakuwa na mtoto. Alimchukua Jana Mandana, aliyekulia kwenye sarakasi na kufunza farasi, akamfanya mwanawe kisheria, na alipofariki 2017 huyo ndiye aliyerithi.

Na sasa mko ninyi. Vijana wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wanajenga piramidi zao, wanaruka kamba na kupita ndani ya pete katika mahema ya Ulaya kila msimu. Wengine wamepitia mafunzo kama ya Sarakasi Trust, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2001 na kuweka makao kwenye jengo la iliyokuwa sinema ya Shan, Ngara. Mnaingia kwa mkataba, si kwa kuzaliwa wala kwa ndoa. Hakuna mjomba ndani ya hema atakayeandaa usiku wa kukuchangia ukivunjika mguu. Kwa hiyo kile ambacho ukoo ulikifanya kimya kimya, nyinyi mkitafute kwenye karatasi: nani analipa hospitali, nani analipa nauli ya kurudi ukiumia wiki ya pili, na jina la kundi lenu linaandikwaje kwenye bango. Msitie saini mpaka majibu yote yameandikwa kwa lugha mnayoisoma wenyewe.